Kindu: Nadharia ya chembe za nuru, "mawe ya umeme" na pano za sokoni, kipi kinapimika?

Jua linachomoza upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Kabla mitumbwi ya kwanza haijajaa abiria wanaovuka kuja Kasuku, pano zimekwisha kutolewa nje. Nyingine ziko juu ya mabati tangu mwaka uliopita, nyingine zimeegemezwa kwenye kiti mbele ya mlango, na mtoto amewekwa karibu azilinde zisibebwe. Ndivyo Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, unavyoanza siku. Kila nyumba yenye uwezo inatega chombo chake kupokea nuru, kama watu wanavyotega ndoo mvua inapoanza kunyesha.

Sababu inajulikana na kila mkaaji. Mji uko mbali na nyaya za Inga. Gurupu zinakunywa mazutu, na mazutu inafika kwa bei inayomkatisha tamaa hata mwenye duka. Katika Kongo yote, ni takribani mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme nyumbani. Aliye na pano na bateri huko Mikelenge anachaji simu za majirani na kupata pesa ya mboga.

Katika mji kama huu, wazo kwamba nuru ni chembe, na kwamba nishati yote ya dunia inatoka katika chembe hizo, haliwezi kubaki jambo la wasomi pekee. Linasikika vizuri. Na likisikika vizuri kupita kiasi, kuna atakayelifanya biashara.

Wazo hilo lina sura mbili. Ya kwanza iko katika vitabu vya fizikia: nuru inasafiri kwa vipande vidogo vinavyoitwa fotoni, na kila kipande kina kiasi chake cha nishati kinachojulikana. Ya pili haikubaliwi na wanafizikia, lakini inazunguka katika simu kwa majina mengi. Inasema chembe za nishati ziko kila mahali, usiku na mchana, ndani ya mawe na ndani ya hewa, na kwamba akipatikana fundi wa kuzivuna, hakutakuwa tena haja ya jua, mazutu wala bateri. Mtu wa Kindu anayetaka kununua kifaa cha dola mia moja ana sababu ya kutaka kujua ni wapi sura ya kwanza inaishia na ya pili inaanzia.

Mawe yaliyotoa cheche

Kongo yenyewe imekwisha kutumiwa kama ushuhuda wa sura ya pili. Mnamo Januari 2023 video fupi zilisambaa duniani kote zikionyesha vipande vya jiwe vikigusanishwa na kutoa cheche, na nyingine ikionyesha nyaya zikiwekwa juu ya jiwe na ampuli ndogo ikiwaka. Maandishi yaliyoambatana nazo yalisema mawe hayo yamegunduliwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na yana umeme ndani yake. Watu mashuhuri barani Afrika walizisambaza, wengine wakiandika kwamba sasa imejulikana kwa nini wageni hawaachi kuikimbilia Kongo.

Wanajiolojia walioulizwa na vyombo vya habari walijibu kwamba hakuna jiwe linalojulikana lenye uwezo huo. Jiwe lenye metali linaweza kupitisha umeme unaotoka mahali pengine, na waya uliounganishwa nje ya picha unatosha kuzalisha cheche. Kuhusu ampuli, maelezo ni mepesi zaidi, na mtu yeyote anaweza kuyajaribu. Ampuli za LED zenye bateri ndogo ndani yake, zile zinazobaki zinawaka umeme ukikatika, zinawaka pia ukizishika kitakoni kwa vidole vyenye unyevu. Mkono unaunganisha ncha zake mbili, na bateri ya ndani inafanya kazi. Ukiweka jiwe lenye metali mahali pa mkono, litafanya hivyo hivyo, na kijiko cha chakula pia.

Kwa wakaaji wa Maniema, mkanganyiko huo una mizizi yake, na si haki kuwacheka. Jimbo lina kasiteriti, lina wolframiti, lina dhahabu, lina koltani. Watu wameambiwa miaka mingi kwamba koltani ndiyo inayoendesha simu, na ni kweli kwamba tantali inayotolewa ndani yake inatumika kutengeneza kondensa, kifaa kidogo kinachoshika umeme kwa muda mfupi ndani ya simu. Lakini kondensa inashika kile ilichopewa na bateri. Mchimbaji anayebeba mfuko wa koltani kutoka shimoni hajabeba umeme hata kidogo, vinginevyo angekuwa wa kwanza kuusikia mgongoni.

Karani wa Bern

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba hata nadharia iliyo vitabuni leo ilianza kama wazo la ajabu ambalo wakubwa wa fizikia hawakulitaka. Wauzaji wa mashine za maajabu wanapenda kukumbusha hilo: hata Einstein alipingwa. Ni kweli alipingwa. Inafaa kuangalia alishinda kwa njia gani.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi walikuwa wanaamini nuru ni wimbi, kama mawimbi ya mtoni. Wimbi kubwa linatikisa mtumbwi kuliko wimbi dogo. Kwa hiyo nuru kali ingepaswa kung'oa elektroni kutoka kwenye metali kwa nguvu zaidi kuliko nuru hafifu. Mnamo 1902 Mjerumani Philipp Lenard alipima na kukuta kitu kingine. Ukiongeza ukali wa nuru, elektroni zinazotoka zinaongezeka idadi, lakini nguvu ya kila moja haibadiliki. Kinachobadilisha nguvu ya elektroni ni rangi ya nuru. Nuru inayoelekea zambarau inazitoa kwa kasi, na kwa metali nyingi nuru nyekundu haitoi hata moja, hata ikiwa kali namna gani.

Albert Einstein, karani wa miaka 26 katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alituma makala yake Machi 1905. Alipendekeza kwamba nuru inatoa nishati yake kwa vipande, na kwamba ukubwa wa kipande unategemea rangi. Mkaaji wa Kindu anaweza kulielewa jambo hilo akiwa kivukoni. Mtumbwi wa kwenda Alunguli una nauli yake, na tuseme mwenye mtumbwi amekataa abiria wasichangishane. Mia moja wakija kila mmoja na nusu ya nauli, wote watabaki kando ya mto, ingawa pesa zao zikijumlishwa zinatosha watu hamsini. Akija mmoja mwenye nauli kamili, atavuka. Fotoni nyekundu ni abiria mwenye nusu nauli. Kuongeza ukali wa nuru nyekundu ni kuongeza watu kando ya mto.

Wakubwa hawakulipenda wazo hilo. Mnamo 1913 Max Planck na wenzake walipomwombea Einstein nafasi katika Chuo cha Sayansi cha Prussia, waliandika kumsifu, kisha wakaomba asihukumiwe sana kwa kuwa pengine alikosea shabaha katika suala la vipande vya nuru. Ni kama kumwombea kijana kazi huku ukimtetea kwa kosa la ujana.

Aliyeimaliza kesi alikuwa mpinzani. Robert Millikan, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitumia karibu miaka kumi akitaka kuonyesha kwamba Einstein amekosea. Alijenga vyombo vya kioo visivyo na hewa, akawa anakwangua uso wa sodiamu na potasiamu ndani yake ili metali iwe safi kabla ya kuimulika, rangi baada ya rangi. Mnamo 1916 alichapisha matokeo: hesabu ya Einstein ilikuwa sahihi. Millikan hakufurahi. Aliendelea kuandika kwamba maelezo ya vipande vya nuru hayakubaliki, ingawa namba zake mwenyewe zilikuwa zinasema kinyume. Einstein alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kazi hiyo, siyo kwa nadharia ya uhusianifu kama wengi wanavyodhani. Na mnamo 1923 Mmarekani Arthur Compton alionyesha kwamba miali ya eksirei ikigonga elektroni inapoteza sehemu ya nishati yake, kama gololi inavyogonga gololi.

Nadharia ya ajabu ilikubaliwa kwa sababu ilitoa namba mapema, na mtu asiyeipenda akaenda kuipima kwa vyombo vyake.

Jina lilibaki, nadharia ikafa

Kuna nadharia nyingine ya chembe za nuru ambayo haizungumzwi sana, ingawa neno lake linatumika kila siku. Desemba 1926 jarida la Nature lilichapisha barua ya Gilbert Lewis, mkemia mkubwa wa Berkeley, Kalifornia. Lewis alidai nuru inabebwa na atomu za aina mpya, zisizoumbwa wala kuangamizwa, ambazo zinahama tu kutoka kitu kimoja hadi kingine. Akazipa jina fotoni.

Ukisoma haraka, ni karibu kabisa na yale yanayosambazwa leo kuhusu chembe za nishati zilizojaa kila mahali zikingoja kuvunwa. Tofauti ni kwamba Lewis alikuwa mtu wa maabara na aliweka dai lake wazi mahali ambapo lingeweza kuvunjwa. Lilivunjwa upesi. Fotoni zinazaliwa kila ampuli inapowaka na zinatoweka kila nuru inapomezwa na ukuta mweusi. Idadi yake haihifadhiwi. Kinachohifadhiwa ni nishati. Wanafizikia waliitupa nadharia ya Lewis na kubaki na jina lake, kwa sababu lilikuwa jina zuri.

Hilo ndilo shimo ambamo karibu kila mashine ya nishati ya bure inaanguka. Fotoni inabeba nishati kama mwendesha baiskeli anavyobeba bidoni za mafuta ya mawese kupeleka sokoni. Ukimkuta njiani unaweza kudhani yeye ndiye chanzo cha mafuta. Lakini mtu fulani alipanda michikichi na mwingine akakamua.

Namba za kwenda nazo sokoni

Pano ni chombo kinachofanya kazi ya mwenye mtumbwi. Ndani yake kuna silisi, na kila elektroni ya silisi ina nauli yake. Fotoni yenye nauli pungufu inapita bila kazi. Fotoni yenye nauli kamili inaitoa elektroni moja. Fotoni yenye nauli mara mbili inaitoa elektroni moja vilevile, na chenji inageuka joto. Ndiyo maana pano haiwezi kugeuza nuru yote kuwa umeme. Ile ya kwanza ya silisi iliyofanya kazi vizuri, iliyoonyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954, iligeuza asilimia 6. Zinazouzwa leo, zikiwa za kweli, zinageuza karibu asilimia 20. Zile nzuri kabisa madukani zinakaribia 24.

Jua la mchana, anga ikiwa safi, linaleta kama wati 1000 katika kila mita moja ya mraba. Kindu iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Katika mita hiyo moja zinaanguka fotoni zaidi ya bilioni trilioni moja kwa sekunde. Ni nyingi, lakini zina hesabu yake, na hesabu hiyo inampa mnunuzi silaha ambayo muuzaji hawezi kumnyang'anya.

Wati 1000 mara asilimia 20 ni wati 200. Kwa hiyo pano ya kweli inatoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, na hata iliyo bora sana haifiki 250. Mtu akienda sokoni na futi ya fundi cherehani anaweza kupima urefu na upana. Pano yenye sentimita 70 kwa 50 ina eneo la mita za mraba 0.35. Mara 200, inapatikana wati 70. Ikiwa ya kiwango cha juu kabisa, wati 84. Kama nyuma yake pamebandikwa karatasi inayosema wati 150, karatasi hiyo inasema uongo, kwa sababu juani hakuna fotoni za kutosha kuijaza ahadi hiyo. Haijalishi imetoka nchi gani wala muuzaji ameapa kwa nani.

Kipimo cha pili kinahitaji mita ya fundi, ile ndogo ya kupimia umeme. Saa sita mchana, pano ikiwa imeelekea jua bila kivuli, nyaya zake mbili zinaunganishwa na mita iliyowekwa kwenye ampea 10, kwa sekunde chache. Pano ya wati 100 kwa mfumo wa volti 12 inapaswa kuonyesha kati ya ampea 5 na 6. Ikionyesha 2 na kidogo, mnunuzi ameuziwa wati 40. Mafundi wazuri wanafanya kipimo hiki bila kuombwa. Muuzaji anayekataa kifanyike amekwisha kujibu.

Kuna jambo dogo ambalo linawagharimu hata walionunua pano za kweli. Silisi haipendi joto. Kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25, inapoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu yake, na bati la Kindu saa nane mchana linaweza kukaanga yai. Pano iliyolazwa moja kwa moja juu ya bati inaweza kupoteza moja ya kumi au zaidi. Vipande viwili vya mbao chini yake, ili upepo upite, vinarudisha sehemu ya nguvu hiyo. Havigharimu kitu. Kivuli cha tawi la mwembe nacho ni adui mkubwa kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa seli za pano zimefungwa kwa mstari, na seli moja ikizibwa inazuia wenzake.

Na siku ya kawaida inatoa nini? Kwa pano ya wati 100, ukikadiria saa 4 za jua kamili, kwa maana mawingu ya Maniema hayana huruma, inapatikana kama wati-saa 400. Ampuli nne za LED za wati 5 zikiwaka saa 4 zinakula 80. Simu moja inataka kama 15. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4 inakula 160. Hapo bado kuna akiba, ingawa sehemu yake inapotea katika bateri. Lakini pasi ya wati 1000 inamaliza 400 zote kwa dakika 24. Ndiyo maana pasi ya makala bado haijastaafu.

Bateri nayo ina siri yake. Bateri ya risasi ya ampea-saa 100 inaandikwa kwamba inashika wati-saa 1200. Ukizimaliza zote kila usiku, itakufa mapema sana. Anayetaka idumu anatumia nusu. Watu wengi wanailaumu pano wakati bateri ndiyo iliyochoka.

Redio pia ni nuru

Mawimbi ya redio ni nuru ya aina nyingine, isiyoonekana kwa macho. Nayo ina fotoni zake. Hapo ndipo dai lililovuma zaidi barani Afrika katika miaka ya karibuni linapoingia. Tangu 2015 Mzimbabwe Maxwell Chikumbutso amekuwa akidai kwamba ana kifaa kinachogeuza masafa ya redio kuwa umeme wa kuendesha magari na mitambo bila mafuta. Mwanzoni mwa 2025 dai hilo lilirudi kwa kishindo, Rais Emmerson Mnangagwa alipompokea pamoja na gari lililosemwa kwamba halihitaji kuchajiwa. Video zake zilifika mbali, hadi katika makundi ya WhatsApp ya Kiswahili. Wanafizikia walilipinga kwa hesabu.

Hesabu hiyo inaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Fotoni ya redio ya FM ni dhaifu kuliko fotoni ya nuru ya kijani kwa zaidi ya mara milioni 5. Redio ya mkononi inaikamata kwa sababu haitafuti nguvu, inatafuta habari. Nguvu ya kupaza sauti inatoka katika bateri. Zamani zilikuwepo redio zisizo na bateri kabisa, zilizoendeshwa na wimbi lenyewe, nazo ziliweza kunong'ona tu katika kifaa cha sikioni, na mnara usiwe mbali. Gari dogo la umeme linakula kama kilowati-saa 15 kwa kilomita 100. Kati ya mnong'ono wa sikioni na gari lenye abiria wanne, kuna pengo ambalo jina la masafa haliwezi kuliziba.

Hata usiku wa mbalamwezi unaweza kutumika kama jaribio. Nuru ya mwezi mpevu ni nuru ya jua iliyorudishwa, na fotoni zake ni za aina ile ile. Ila ni hafifu kuliko jua kwa karibu mara 400,000. Pano ya wati 100 iliyoachwa nje usiku huo haiwezi kuwasha hata taa ndogo kabisa ya redio. Kama chembe za nishati zingekuwa zimejaa hewani kwa kiasi kinachodaiwa, pano ingezikamata usiku pia.

Makala, fufu na mto Lutshurukuru

Baada ya kusema hayo yote, wanaoamini kwamba nuru ni chanzo cha nishati hawako mbali na ukweli kama inavyodhaniwa. Karibu kila nishati inayotumika Kindu ilipitia katika fotoni. Makala yanayofika mjini kwa baiskeli ni miti, na mti ulijenga mwili wake kwa nuru. Mihogo iliyogeuka fufu ilifanya vivyo hivyo, na mtu anayesukuma baiskeli hiyo amekula fufu. Mazutu ni mabaki ya viumbe vya baharini vilivyoishi kwa nuru mamilioni ya miaka iliyopita. Umeme wa maji nao hautoki mbali. Mto Lutshurukuru, ambako enzi za ukoloni kilijengwa kituo cha umeme kwa ajili ya migodi ya bati ya Kalima, unateremka kwa sababu jua liliyainua maji yake kama mvuke hadi mawinguni.

Vilivyo nje ya orodha ni vichache, na Kongo inavyo. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya atomiki ya 1945, haina deni lolote kwa jua. Nishati yake ilifungwa ndani ya atomu kabla dunia haijakuwepo. Sehemu ya gesi ya Ziwa Kivu pia inahusiana na moto wa chini ya ardhi, na Rwanda imekuwa ikiigeuza kuwa umeme katika mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 tangu 2016.

Na jua lenyewe? Hapo ndipo nadharia ya chembe za nuru kama chanzo cha yote inapofika mwisho wa reli. Fotoni hazikuliwasha jua. Katikati yake hidrojeni inabanwa na kugeuka heli, na kila sekunde takribani tani milioni 4 za uzito wa jua zinageuka nishati na kuondoka kama nuru. Nuru hiyo inatumia dakika 8 na sekunde 20 kufika duniani. Anayeitega kwa pano huko Mikelenge anapokea malipo ya uzito uliokwisha kutoweka.

Nuru yenye herufi kubwa

Neno hili limekuwa pia jina la kampuni. Nuru, iliyoanza na mtandao mdogo wa umeme wa jua Beni mwaka 2017, ilifungua mtambo wa megawati 1.3 Goma mnamo Februari 2020. Julai 2023 ilitangaza kwamba imekusanya zaidi ya dola milioni 40 kwa ajili ya mitambo mitatu mipya ya jumla ya megawati 13.7, katika miji ya Goma, Bunia na Kindu. Tangazo hilo liliwafanya wakaaji wengi wa Kindu waanze kuhesabu miezi.

Kwa mkaaji, tofauti kati ya pano ya nyumbani na mtambo wa mji ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fotoni ni zile zile na silisi ni ile ile. Lakini mtambo wa mji unagawana bateri, unapimwa na mainjinia kabla ya kulipwa, na ampuli isipowaka kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mama aliyenunua pano yenye karatasi ya uongo hana ofisi. Fundi atamwambia ukweli akiwa amekwisha kulipa, na muuzaji atakuwa amehamia soko lingine.

Kuelekea saa kumi na mbili jioni jua linashuka nyuma ya mji, upande usio na mto. Pano zinaingizwa ndani moja moja. Ng'ambo ya Lualaba, Alunguli inabaki na mwanga dakika chache zaidi, kisha ampuli ndogo za LED zinaanza kuonekana, kila moja ikila kile kilichoingia bateri mchana.